Ajali ya baiskeli haimaliziwi barabarani: mwongozo kamili kwa wapanda baiskeli na madereva wa Mwanza

Baba yangu mdogo aligongwa alfajiri moja kati ya Kisesa na Igoma, akiwa na madumu mawili ya maziwa kwenye keria. Gari dogo lilimpita karibu mno, kioo cha pembeni kikamgonga kiwiko, akaangukia changarawe. Dereva alisimama. Alikuwa kijana mpole, aliomba radhi, akatoa shilingi elfu sabini na kusema, "Shikamoo mzee wangu, naomba tuyamalize hapa hapa." Watu waliokusanyika walimsifu kwamba ana ubinadamu, maana wengine hukimbia. Baba mdogo akapokea, wakapeana mikono, kila mmoja akashika njia yake.

Siku ya tatu goti lilikuwa limevimba hadi suruali haipiti. Eksirei ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Alikaa miezi minne bila kupanda baiskeli, wateja wake wa maziwa wakahamia kwa muuzaji mwingine, na zile elfu sabini ziliisha wiki ya kwanza. Jina la yule kijana hatukulijua. Namba ya gari hakuna aliyeiandika.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Sawa, lakini gari lililokupita kwa nafasi ya kiganja lina dereva, dereva ana leseni, gari lina namba na linatakiwa kuwa na bima, na vyote hivyo vimewekwa na sheria ili aliyeumia asibaki na maumivu yake peke yake. Sehemu ya kwanza ya mwongozo huu inahusu namna ya kufika salama. Ya pili, ambayo nimeiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo tusiyofundishwa, inahusu kumwajibisha dereva.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anza na breki. Jiji letu ni la miamba na miteremko, na anayeshuka kutoka Bugando na breki moja tu anacheza na roho yake. Simama pembeni ya baiskeli, bana breki ya mbele na uisukume kwenda mbele: tairi la nyuma linatakiwa kutaka kunyanyuka. Bana ya nyuma, sukuma tena: tairi liburuzike bila kuzunguka. Likizunguka, vipira vya breki vimekwisha au waya umelegea. Kwenye baiskeli za zamani zenye breki za fimbo za chuma, kagua nati moja moja, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi huzilegeza polepole bila wewe kujua. Fundi wa chini ya mti atakubadilishia vipira kwa muda mfupi na kwa fedha ndogo.

Kisha bana gurudumu la mbele kwa magoti na ujaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka wenyewe, usitoke. Tairi libonyeze kwa kidole gumba. Likibonyea kirahisi, jaza upepo. Kengele ilie.

Mzigo unahitaji neno la peke yake, maana huku kwetu baiskeli ndiyo lori la mtu wa kawaida: gunia la mkaa kutoka Misungwi, ndoo za dagaa kutoka mwaloni Kirumba, mkungu wa ndizi, madumu ya maji. Weka kilicho kizito chini na katikati. Mzigo usizidi upana wa usukani. Ukilazimika kuzidi, funga kitambaa chekundu au kipande cha riflekta kwenye ncha ya upande wa kulia, ambako magari yanapita. Ncha za mpira au kamba ya kufungia zichomeke ndani, kwa sababu kamba moja inayoning'inia ikiingia kwenye spoku itakuangusha katikati ya lami. Na kumbuka kwamba baiskeli yenye gunia haisimami pale inaposimama ikiwa tupu. Anza kubana breki mapema kuliko ulivyozoea, na mteremko ukiwa mkali, shuka uikokote.

Kama umebahatika kupata helmeti ya baiskeli kwenye mitumba, ikague kama haina ufa. Ivae ikae sawa juu ya paji la uso, si kisogoni, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Helmeti iliyowahi kugonga chini kwa nguvu imeshafanya kazi yake, tafuta nyingine.

Onekana

Kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza likianza halisubiri. Wachuuzi wa samaki nao wako njiani kabla hakujapambazuka. Hapo ndipo taa inapookoa.

Fanya hesabu hii. Gari la kilomita 80 kwa saa hula takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 30 mbele yake, sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki imekwisha kula mita 22. Zimebaki 8. Hakuna breki ya gari inayosimama kwa mita 8 kutoka mwendo huo. Kwa hiyo kazi yako ni kumfanya akuone ukiwa mita 150, hata 200, apate muda wa kupunguza mwendo na kukupisha.

Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ukiwa na fedha ya taa moja tu, watu wengi hununua ya mbele ili waone njia; mimi nakushauri upate ya nyuma kwanza na utembee polepole, kwa sababu kinachokupita kwa kasi kinatoka mgongoni. Vipande vya ile stika nyekundu na nyeupe inayobandikwa kwenye malori vinapatikana kwenye maduka ya vipuri. Bandika madigadi ya nyuma na pande zote mbili za keria. Riflekta za pedeli usizing'oe. Zikipanda na kushuka, dereva anatambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anapiga pedeli. Kizibao cha njano kama cha bodaboda kinafaa pia, mradi mzigo wa nyuma usikifunike. Ukikifunika, kifunge juu ya mzigo wenyewe.

Kuna giza lingine ambalo watu hawalihesabu, nalo ni jua. Barabara ya Nyerere inaelekea mashariki, hivyo asubuhi anayetoka mjini kwenda Igoma amepigwa jua la macho. Wewe unayeingia mjini unaona kila kitu vizuri na unadhani naye anakuona. Ukitaka kukatiza barabara saa hizo, mchukulie kama kipofu hadi asimame.

Mahali pa kukaa barabarani

Kaa kushoto, uelekeo ule ule wa magari. Wapo wanaopanda upande wa kulia wakisema wanataka kuyaona magari yanayokuja. Hilo linafaa kwa mtembea kwa miguu. Kwa baiskeli ni hatari, kwa sababu mwendo wako unajumlishwa na wa gari, na dereva anayetoka barabara ya mtaani huangalia upande magari yanakotoka. Kwako hatatupa jicho.

Lakini kushoto hakumaanishi mtaroni. Hili ndilo kosa ambalo ningependa lifutike. Ukiganda kwenye ukingo wa lami, pale ilipomeguka na mchanga umejaa, mambo mawili hutokea. Kwanza huna pa kukimbilia: shimo likitokea, utachepukia kulia ghafla, mbele ya gari. Pili, unamwambia dereva kwamba nafasi ipo, naye anajipenyeza bila kuhama mstari. Kaa karibu mita moja kutoka ukingoni na uende moja kwa moja bila kuyumba. Hapo dereva anaona kwamba lazima ahame kidogo ili akupite, naye hungoja nafasi. Barabara ikiwa na bega pana la lami, kama ilivyo sehemu za barabara kuu ya Shinyanga, tumia bega, na kila baada ya muda tazama nyuma.

Penye magari yaliyoegeshwa, yapite kwa umbali wa mlango uliofunguka. Tazama ndani ya kioo: ukiona kichwa cha mtu kwenye kiti cha dereva, mlango huo unaweza kufunguka wakati wowote.

Daladala ni somo lake. Mlango uko kushoto, konda huufungua gari likiwa bado linatembea, na abiria anaruka bila kuangalia. Ukijipenyeza kati ya daladala na kituo, umejiingiza pale pale abiria anapotua. Daladala likisimama mbele yako, simama nyuma yake ungoje; ama tazama nyuma, nyoosha mkono wa kulia, na ulipite kulia ukiwa na uhakika kwamba nafasi ipo. Na taa ya kulia ikianza kuwaka, usilipite. Linaondoka.

Kwa fuso na semitrela, sheria ni moja: usisimame kushoto kwake kwenye makutano. Dereva yuko kulia, juu, na eneo lote la ubavu wa kushoto karibu na kabini halioni, hata kwa vioo. Akikata kushoto, tela hukata ndani kuliko kichwa, na ndani ndipo ulipo wewe. Kaa nyuma kabisa, mahali ambapo unaweza kuona uso wa dereva kwenye kioo chake. Usipouona uso wake, naye hakuoni.

Kugeuka kulia ndiko kunakohitaji moyo. Anza mita 40 au 50 kabla: tazama nyuma juu ya bega la kulia, nyoosha mkono wote wa kulia, ngoja nafasi, sogea katikati ya njia yako, tazama tena, kisha geuka. Magari yakiwa mengi, kama pale kipilefti cha sanamu ya samaki katikati ya jiji, hakuna aibu kushuka, kuwa mtembea kwa miguu na kukokota baiskeli kwenye zebra. Mimi mwenyewe hushuka pale jioni.

Mvua ikinyesha, dakika za mwanzo ndizo zenye utelezi mbaya zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi la wiki nzima vinaelea juu ya lami. Punguza mwendo, usibane breki ya mbele kwenye kona, na dimbwi usilolijua kina chake lizunguke mapema.

Kwa dereva, kwa heshima

Ndugu dereva, mtu aliye mbele yako juu ya baiskeli ana haki ya barabara hiyo kama wewe. Si mgeni kwenye lami yako.

Mpishe mita moja na nusu. Ujerumani na Uingereza wameweka kipimo hicho, na Ujerumani nje ya miji wanadai mita mbili. Kwa macho, mita moja na nusu ni kama mlango wa gari lako uliofunguka wote na zaidi kidogo. Kama gari linakuja mbele na nafasi hiyo haipo, ngoja nyuma. Utapoteza sekunde kumi. Usimpigie honi ukiwa umemfikia mgongoni. Atashtuka na kuyumba, na atayumbia kwako. Gari refu lina jambo jingine: upepo wake. Basi likipita kwa kasi humsukuma mpanda baiskeli nje, kisha humvuta ndani, na mwenye gunia la mkaa hawezi kupambana na nguvu hiyo.

Kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Usiku ukikutana na baiskeli inayokuja, punguza taa fulu kama unavyomfanyia dereva mwenzako, kwa sababu ukimpofusha ataingia shimoni au kwako. Ukiegesha, fungua mlango kwa mkono wa kushoto: mwili wako utageuka wenyewe na macho yatatazama nyuma. Na konda asifungue mlango hadi gari lisimame.

Ukimgonga mtu, sheria inakutaka usimame, umsaidie aliyeumia na utoe taarifa polisi. Najua hofu ya watu wenye hasira ni ya kweli. Ukiona maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajieleze. Anayefika kituoni mwenyewe hawekwi kapu moja na aliyekimbia.

Umegongwa: nusu saa ya kwanza

Toka kwenye njia ya magari kama unaweza. Kama huwezi, mtu mmoja asimame nyuma, mita 50 au zaidi, apungie magari kitambaa. Anayelalamika shingo au mgongo asinyanyuliwe kwa kushikwa mikono na miguu. Akilazimika kuhamishwa, awekwe juu ya ubao au mlango akiwa amenyooka. Damu ikichuruzika, bandika kanga safi na ugandamize bila kuachia. Usimpe maji wala chakula. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe ubavu. Na tafadhali, majeruhi asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda akiwa kati ya watu wawili.

Polisi ni 112. Zimamoto na Uokoaji, kama mtu amebanwa chini ya gari, ni 114.

Wakati wengine wanashughulika na majeruhi, mtu mmoja ashike simu tu. Kazi yake ni hii: namba ya gari kwanza, kabla ya chochote. Ipige picha na uitamke kwa sauti wengine waishike. Kama gari linakimbia na hukuwahi herufi zote, kumbuka rangi ya kibao: cha njano ni gari binafsi, cheupe ni la biashara, na pikipiki huanza na MC. Rangi hiyo peke yake inampunguzia mpelelezi kazi kubwa. Kisha rangi na aina ya gari, maandishi ubavuni au kwenye kioo cha nyuma, maana daladala na malori yetu yana misemo ambayo hakuna anayeisahau.

Halafu piga picha za eneo kabla kitu hakijasogezwa: baiskeli ilipolala, alama za matairi, vipande vya kioo, na picha moja pana yenye kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme au jiwe la kilomita. Piga picha leseni ya dereva. Chukua majina na simu za mashahidi wawili au watatu, hasa muuza matunda au fundi ambaye yupo hapo kila siku. Msafiri wa basi hutampata tena. Ukiona kamera kwenye kituo cha mafuta au duka la karibu, mwombe mwenye nayo siku hiyo hiyo akuhifadhie picha, kwa sababu kamera nyingi hufuta za zamani na kurekodi upya.

Nawaomba sana waliokusanyika: dereva asiguswe. Akipigwa atakimbia, na akikimbia ameondoka na jina lake na bima yake. Mzungukeni, mwekeni kivulini, polisi wamkute.

Usikiri kosa na usimtupie mtu lawama pale pale. Eleza ulichokiona: nilikuwa wapi, naelekea wapi, nimeguswa upande gani.

Yale maneno "tuyamalize"

Yatasemwa, na mara nyingi yatasemwa kwa nia njema. Jibu la adabu ni hili: "Kaka, nashukuru kwa ubinadamu wako, lakini mimi si daktari. Twende polisi kwanza, mengine tutaongea." Mwili ukiwa na moto wa ajali haukuambii ukweli. Goti la baba mdogo lilimdanganya siku mbili nzima.

Fedha ya matibabu si dhambi kuipokea, lakini iandikiwe. Karatasi yoyote inatosha, ikisema hivi: "Mimi fulani, dereva wa gari namba kadhaa, nimempa fulani shilingi kadhaa kwa ajili ya matibabu ya leo tarehe kadhaa, baada ya ajali iliyotokea mahali fulani. Fedha hii ni msaada wa matibabu na si fidia ya mwisho." Saini zenu, saini za mashahidi, namba za simu. Dereva muungwana hatakataa kuiandika, na hata kwake ni ushahidi kwamba alisaidia.

Mkitaka kupatana kabisa, subirini matibabu yaishe, gharama zijulikane, kisha mwandikiane mbele ya watu wazima wa pande zote.

Polisi na hospitali

Majeruhi mahututi apelekwe hospitali moja kwa moja, ndugu mmoja aende kituoni. Anayeweza kutembea apitie kituoni achukue PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Mwambie daktari kila mahali panapouma, hata pasipoonekana, kwa sababu kisichoandikwa humo ni vigumu kukidai baadaye. Kabla ya kuirudisha polisi, toa nakala mbili.

Ukiwa kituoni, hakikisha taarifa imeandikwa na umepewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Soma maelezo yako kabla ya kusaini, na kama husomi vizuri omba usomewe. Penye kosa pasahihishwe. Uliza jina la mpelelezi. Dai askari wa usalama barabarani wapime eneo na kuchora mchoro wa ajali, na kama unaweza uwepo au umtume shahidi, maana mchoro huo ndio utakaosema nani alikuwa upande wa nani.

Baiskeli usiitengeneze. Naelewa kwamba ndiyo riziki yako. Lakini rimu iliyopinda inaonyesha pigo lilitoka wapi. Ikipigwa picha zote na polisi wakiridhika, ipeleke kwa fundi na uchukue risiti.

Aliyegonga kichwa aangaliwe siku mbili. Akitapika, akizidi kusinzia, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, arudishwe hospitali usiku huo huo. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa na Bugando ni ya kanda, usingoje asubuhi.

Kesi ikifika mahakamani, wewe ni shahidi. Ukibadili namba ya simu mjulishe mpelelezi, na ukiitwa nenda. Kesi nyingine hufa kwa sababu tu aliyeumia hakutokea.

Fidia inatoka wapi

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Faini anayotozwa dereva mahakamani inakwenda serikalini, haiji kwako. Fidia yako ni safari nyingine, na mlango wake mkuu ni bima.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani, bodaboda ikiwemo, kiwe na bima inayolinda watu wengine. Ndiyo hiyo tunayoiita bima ndogo. Mpanda baiskeli aliyegongwa ni mmoja wa watu hao. Huhitaji kuwa na bima yako mwenyewe. Kwa namba ya gari unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kama gari lina bima hai na ni ya kampuni gani.

Iandikie kampuni hiyo barua mapema, ikiwezekana ndani ya wiki ya kwanza, hata kama matibabu hayajaisha. Eleza ajali, taja namba ya gari na RB. Baadaye utapeleka nakala ya PF3, ripoti ya polisi na mchoro, hukumu kama dereva alitiwa hatiani, risiti zote za dawa na nauli, kitambulisho, na uthibitisho wa kipato ulichopoteza. Muuza maziwa hana hati ya mshahara, lakini daftari la wateja na barua ya mwenyekiti wa mtaa vinasema mengi. Tunza kila karatasi kwenye bahasha moja, na kila unachopeleka kiwe nakala. Halisi zibaki kwako.

Kampuni ikikupa hati ya malipo ya mwisho usaini, soma kwanza. Ukisaini umefunga mlango, hata mguu ukija kuhitaji upasuaji wa pili. Ikikuzungusha, malalamiko yanapelekwa TIRA au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukishindwa huko, unaweza kumshtaki dereva na mwenye gari kwa madai, na muda wa kufungua shauri la namna hii ni miaka 3 tangu tukio. Usiungoje uishe. Asiye na fedha ya wakili aulizie msaada wa kisheria. Ipo sheria yake tangu 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi ngazi ya wilaya.

Aliyefariki akiacha familia, madai hayafi naye. Familia ianze na cheti cha kifo na kumteua msimamizi wa mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo.

Kabla hajagonga mtu

Dereva anayekupita kwa kasi na kukukosa kidogo leo atamgonga mwingine kesho. Huna haja ya kumwaga damu ndipo ulalamike. Andika namba ya gari, siku, saa, mahali na kilichotokea, kisha upeleke kwa trafiki. Daladala, mabasi na bodaboda za biashara zina leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na mabasi ya masafa marefu yana kifaa cha kufuatilia mwendo, hivyo ukitaja saa na mahali, wanaweza kuangalia lilikuwa linakwenda kasi gani. Lori lenye jina la kampuni ubavuni lina bosi mwenye simu. Malalamiko ya watu watatu juu ya gari moja yana uzito kuliko ya mmoja, basi ongeeni kijiweni, kwa fundi, kwenye foleni ya mwaloni.

Wakati mwingine tatizo ni barabara yenyewe: zebra iliyofutika mbele ya shule, shimo ukingoni, kona isiyo na taa. Barabara kuu za kwenda Musoma na Shinyanga ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara. Za mitaani ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Pitisha barua kwa mwenyekiti wa mtaa, weka picha mbili, moja ya mchana na moja ya usiku, na uorodheshe tarehe za ajali ambazo mtaa wenu unazikumbuka. Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.